Masikio Mapya ya Baba

Mume wangu alianza kumwogopa baba yangu siku ile ile aliyokuja kujitambulisha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaeleza yeye ni nani, kwao wapi, anafanya kazi gani na ana nia gani na mimi. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yale mpaka yakawa kama shairi. Baba akamkazia macho mdomoni hadi alipomaliza, akasema, "Haya," kisha akanyanyuka kwenda kuangalia kama bomba la uani limefungwa vizuri.

"Mzee wako," mume wangu aliniambia nilipomsindikiza, shati likiwa limemgandia mgongoni, "alikuwa ananihesabu meno."

"Hasikii vizuri," nikamwambia.

"Hasikii? Mbona wewe ukimwita anaitika?"

"Mimi amenizoea."

"Basi masikio yake yana ubaguzi."

Na hivyo ndivyo alivyoamini kwa miaka mingi, hata baada ya kunioa. Baba akija kututembelea, mume wangu alisalimia, akajibiwa, akasimulia habari za kazi, akapewa "Haya" yake, basi. Meza ya chakula ilikuwa kimya mpaka unasikia mtu anavyotafuna.

Baba alifanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufumia. Mle ndani, alinieleza nilipokuwa mdogo, ukipiga kelele hata wewe mwenyewe hujisikii. Wafanyakazi walizungumza kwa midomo mitupu: mwenzako anakusogelea, anachezesha midomo bila sauti, nawe unasoma. Mashine zile ziliyala masikio yake taratibu, kama mchwa anavyokula mlango. Kwa nje unauona mzima tu. Mama alipokuwa hai ndiye aliyekuwa masikio yake. Mtu akiuliza kitu, mama anajibu, baba anatikisa kichwa. Mama alipofariki, baba alibaki na salamu na hilo neno lake moja.

Mimi nauza dawa kwenye duka lililo jirani na kliniki, na kliniki hiyo ilimpata mtaalamu wa masikio, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa akija kwetu kununua vidonge vya mafua. Nilimsimulia habari za baba. Akasema, "Mlete." Mume wangu aliposikia akacheka: "Sikio la kufa halisikii dawa, hata kama binti ni muuza dawa." Lakini mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua baba, akambebea begi, akamtandikia kitanda chumba cha nyuma, maana vifaa vya kusaidia kusikia havivaliwi siku moja ukaondoka. Mtu anarudi kwa mtaalamu mara kwa mara kurekebishiwa, mpaka kichwa kizoee.

Siku aliyovalishwa nilikuwepo. Ni vitu vidogo, kila kimoja ukubwa wa punje ya korosho, vinakaa nyuma ya sikio na kauzi kembamba kanaingia ndani. Dada mtaalamu akaviwasha. Baba akatulia, akatazama dari, akatazama mlango. Tulipotoka kwenye korido akasimama ghafla.

"Nini hicho?"

"Kipi, baba?"

Akapiga hatua moja, akasimama tena. "Viatu vyangu. Vinalia hivi siku zote?"

"Siku zote, baba. Watu wote wanakusikia unavyokuja."

Akacheka, kisha akanigeukia. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Una sauti ya mama yako." Akageuza uso upande wa barabarani, nami nikajifanya natafuta funguo ndani ya mkoba.

Nyumbani ikawa vituko. Friji ilimshtua. Mfuko wa plastiki ukikunjwa, anauliza ni mvua? Mume wangu ni fundi makochi, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango mwingine unaotokea uani. Alipopiga pini ya kwanza kwenye fremu, baba aliruka huko uani kama aliyechomwa sindano. Lakini baada ya siku chache alizoea, akaanza kuingia karakanani mwenyewe, anakaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, anatazama kazi. Alijua vitambaa, alikuwa anavipima kwa kidole gumba na kusema, "Hiki kitachanika," na kweli kinachanika.

Mume wangu akaona hapa ndipo njia ilipo. Juu ya rafu, kati ya majora ya vitambaa, ana spika kubwa, na kwenye spika hiyo hapigi ila muziki wa dansi wa zamani: tarumbeta, magitaa matatu yanayojibizana, na nyimbo ndefu zinazotosha kuvisha kiti kizima kabla hazijaisha. Alizaliwa bendi hizo zimeshavunjika, lakini anajua nani alipiga nini, na nani aligombana na nani akahamia wapi.

"Mke wangu," aliniambia usiku ule anavua ovaroli, "leo nimempata mzee. Nimempigia nyimbo za wakati wake. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Akasema nzuri."

"Alisema nzuri?"

"Neno jipya kabisa! Kesho nampigia nyingine."

Akampigia kesho, na kesho kutwa, na kila siku iliyofuata. Kila asubuhi baba akitokea mlangoni, spika inalia tarumbeta kama anapokewa rais.

Wiki ya pili baba alinifuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, mume wako ana tatizo gani?"

"Tatizo gani tena, baba?"

"Kila siku ananipigia nyimbo za marehemu."

"Si za marehemu, baba. Ni za wakati wako."

"Ndiyo nakwambia. Yule wa tarumbeta alikufa. Mwimbaji alikufa. Yule aliyekuwa anaitikia, mwenye sauti nyembamba, nilimzika mimi. Asubuhi asubuhi, kabla sijanywa chai, naamkiwa na makaburi." Akashusha sauti. "Lakini usimwambie. Ni mkwe, sitaki kumvunjia adabu. Kijana ana moyo mzuri."

Jioni mume wangu naye ananiuliza, "Umemwona mzee anavyofurahi?" Nikawa kama ukuta wa nyumba mbili zilizopakana: kila upande unanipigilia msumari wake.

Nilichokuwa sijui ni kwamba baba alikuwa na mambo yake. Dada mtaalamu alimfundisha kwamba simu inaweza kupeleka sauti moja kwa moja kwenye vile vifaa, bila mtu mwingine kusikia. Mchana, mume wangu akibanwa na kazi, baba alikuwa anakaa uani chini ya kamba ya nguo, amefumba macho, simu kwenye paja. Nikadhani anasinzia. Nilikuwa napita kwa kunyata nisimwamshe!

Mambo yakafichuka siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa naanika mashuka, baba yuko kwenye kiti chake, na karakanani mume wangu anaongea na mteja, mama mmoja mpole aliyetaka makochi yake yavishwe kitambaa cha maua. Spika ilikuwa inapiga rumba ya taratibu. Ghafla rumba ikakatika. Ukafuata mlio mmoja wa simu kujiunga, halafu ngoma nzito ikashuka kama gunia la mchanga kutoka darini, na mwanamume mwenye sauti ya mikwaruzo akaanza kufoka kwa mistari ya haraka haraka kuhusu mwenye nyumba wake.

Mama mteja akakumbatia mkoba wake. Mume wangu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nani kaingilia spika yangu?" akapiga kelele. Akachungulia barabarani, hakuna mtu. Akaja uani. Na pale alimkuta baba mkwe wake, macho yamefumbwa, kidole kinagonga paja, midomo inafuata ile mistari neno kwa neno, hadi lile tusi dogo la mwisho.

Mume wangu alisimama pale kama aliyemfumania mtu bafuni. "Baba," akasema, "ni wewe?"

Baba akafumbua macho. Akatazama simu, akatazama mlango wa karakana unaotetemeka, akaelewa kwamba simu imeacha masikio yake ikajiunga na spika. Nilitegemea aone haya. Wapi!

"Ndiyo, ni mimi. Kwani mimi sina masikio?"

Nilicheka mpaka shuka likanidondoka.

Mama mteja alipoondoka (aliacha kitambaa chake, na hakuonekana amekasirika sana), mume wangu akarudi, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakuthubutu kukasirika, lakini alikuwa ameumia.

"Baba, mimi nilidhani unapenda zile za zamani."

"Nilizipenda. Nilizisikia wakati masikio yangu ni mazima. Ziko humu." Akagusa kichwa. "Nikitaka naziamsha mwenyewe bila spika. Lakini tangu mashine zianze kunila masikio, kila wimbo uliotoka ulinipita. Naona watu harusini wanaruka, mimi naona midomo tu na mabega. Wewe fikiria: watu wanacheza miaka yote hiyo, wewe hujui wanacheza nini. Sasa ndiyo najua."

"Lakini hizi za siku hizi ni kelele, baba."

"Kelele?" Baba akajiweka sawa kitini. "Mwanangu, kelele niulize mimi. Nimekaa na kelele toka nina ndevu za kwanza mpaka zikawa nyeupe. Ile ndiyo kelele. Hii ina mtu ndani yake."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mume wangu kwa mkupuo mmoja. Mume wangu akanitazama mimi, kama anayeuliza huyu mzee katoka wapi. Kisha akamuuliza polepole, "Na miaka yote ile, nilipokuwa nakusimulia habari zangu mezani?"

"Nilikuwa nasoma midomo. Lakini wewe unaongea huku unatafuna. Nani anaweza kusoma hapo?"

Basi, siku hiyo wakafanya mapatano. Baba apige wimbo mmoja, fundi apige mmoja, zamu kwa zamu, na anayesikiliza haruhusiwi kusema neno mpaka wimbo uishe. Yule wa sauti ya mikwaruzo jina lake la jukwaani ni Bwana Kikohozi, na mume wangu hajampenda mpaka leo. Kuna kundi la vijana wanaopiga vinanda vya umeme, nalo likapita bila kuacha alama. Halafu baba akamletea Njegere.

Njegere ni msichana mfupi, mdogo kama jina lake, anapiga gitaa la besi lililo karibu sawa na kimo chake, na ana sauti nzito ya mtu aliyetoka kuamka. Wimbo wenyewe unahusu mume na mke wanaohamia nyumba mpya na kabati lao halipiti mlangoni. Wanasukuma, wanavuta, wanalaumiana. Kila ubeti ugomvi wa zamani unatoka, wa mama mkwe, wa ile safari, wa ile simu. Mwishoni wanachoka, wanakaa sakafuni, mmoja ndani na mmoja nje, kabati katikati, wanaanza kucheka.

Wimbo ulipoisha mume wangu alikuwa ameshika mkasi hewani.

"Amekosea," akasema.

"Nini?"

"Kabati hulisukumi hivyo. Unafungua skrubu za nyuma kwanza, unatoa mgongo, linalegea. Hawakuwa na fundi hawa." Akakata kitambaa kidogo. Akaacha. "Hebu rudia."

Rudia hiyo ikazaa rudia nyingine. Jioni nikamkuta anaosha mikono huku anaguna ile besi, na nilipomtazama akajifanya anakohoa.

Naye alikuwa na lake la kutoa. Alimchagulia baba wimbo mmoja wa zamani, ambao baba aliujua tangu ujana kwa redio ndogo ya jirani. "Nitausikiliza kwa heshima yako," baba alisema. Lakini mume wangu alimwomba ausikilize kupitia vile vifaa. Baba akafumba macho. Katikati ya wimbo akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kuna gitaa la pili!"

"Lipo, baba. Na la tatu linakuja, sikiliza huku nyuma."

"Miaka yote nimedhani ni moja! Redio ile ilikuwa inatuibia." Akacheka peke yake, akawarudishia heshima marehemu wake wote kwa siku moja. Toka hapo tarumbeta ikaruhusiwa tena asubuhi, ila baada ya chai.

Nao walinigeukia mimi. "Na wewe unasikiliza nini?" Nikawaambia ukweli. Mimi nasikia kinacholia dukani, nikitoka nimesahau. Walinitazama kwa huruma, wote wawili, kama mtu aliyesema hajawahi kuonja chumvi.

Njegere alipotangazwa kuwa anakuja kuimba katika ukumbi wa mikutano, Jumamosi mchana, mume wangu alinunua tiketi tatu bila kuuliza mtu. Baba alipiga pasi shati lake mwenyewe. Pale ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimerundikwa pembeni ili watu wasimame, na wengi walikuwa wa umri wa kuwa wajukuu zake. Walimpisha, shikamoo huku, shikamoo kule, mpaka tukajikuta mbele kabisa, karibu na spika yenye ukubwa wa kabati.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nilimwona baba anakunja uso. Akashika sikio. Vile vifaa, ambavyo karakanani vilikuwa rafiki, vikashindwa na kelele za ukumbi; vilipiga filimbi, vikapasua kila sauti. Akajaribu kupunguza kwa simu, haikusaidia. Akavitoa kimoja kimoja, akavitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nikamwona anarudi kule alikokuwa. Uso ukafungwa. Nilimgusa mkono, nikamwonyesha mlango, tuondoke? Akatikisa kichwa. Akasema, "Haya."

Mume wangu naye aliliona. Alikuwa amesimama upande wa pili, kidete kama mlingoti, maana hakujua mtu anachezaje pembeni ya baba mkwe wake. Njegere alipogonga zile noti za kwanza za wimbo wa kabati, ukumbi mzima ukalipuka. Mume wangu akatoka upande wake, akapita mbele ya baba, akalipa jukwaa mgongo. Akamtazama baba usoni, akaanza kuimba bila sauti, anafungua midomo taratibu, neno moja moja, kama watu wa kiwandani.

Sikujua kwamba wimbo ule alikuwa ameshaukariri wote. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa mama mkwe. Baba alimkazia macho mdomoni. Kisha nikaona mkono wake unanyooka, unagusa ubavu wa spika na kutulia pale. Besi ikampandia kwenye kiganja, ikamfika begani. Bega likaanza. Likafuata la pili.

Mume wangu bado anaimba, amesimama wima, kiuno kimefungwa breki.

"Cheza, bwana!" baba akamwambia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, wakati Njegere ameshusha sauti na ukumbi umetulia. "Cheza tu, mimi sikuoni!" Na huku amemkodolea macho.

Vijana waliotuzunguka wakaangua kicheko. Njegere mwenyewe akainama kutoka jukwaani kuangalia kuna nini, akamwona mzee ameshika spika, akampungia mkono. Mume wangu akafumba macho, akamwachia Mungu, akacheza. Hachezi vizuri. Baba naye hachezi vizuri. Nilisimama pembeni yao nikiwatazama, nikaona hakuna mahali pengine ninapotaka kuwa.

Njiani kurudi, baba alivaa vifaa vyake, na wakaanza kubishana kama mpiga ngoma alikimbiza wimbo wa mwisho. Baba alisema alikimbiza. "Baba, ulikuwa umeviweka mfukoni!" mume wangu akasema. "Mkono wangu ulikuwa kwenye spika," baba akajibu, "nawe ulikuwa umeipa mgongo. Nani shahidi?" Walibishana mpaka mlangoni, na nadhani kila mmoja alilala akiwa mshindi.

Baba alirudi kwake mvua zilipoanza. Dada mtaalamu alisema kichwa kimeshazoea, aje mara moja moja tu. Nyumba ilipwaya kwa siku kadhaa. Halafu simu zikaanza, na hazikuwa zangu. Kila jioni anampigia mkwe wake: amegundua kikundi hiki, amesikia mzee fulani amerudi studio, yule Bwana Kikohozi ametoa kitu kipya, na mume wangu anaomba apumzishwe.

Juzi dukani alikuja mteja mmoja, muuguzi aliyetoka zamu. Wakati namfungia dawa, simu yake ikawa inaimba taratibu: wanawake wanne hivi, bila chombo chochote, sauti zinapandiana kama ngazi. Mikono yangu ikasimama juu ya bahasha. Nikamuuliza ni akina nani. Akanitumia pale pale, nami nikawatumia wale wawili, bila maneno yoyote, nikaendelea na kazi huku naitupia simu jicho kama anayengoja matokeo ya mtihani.

Nilipofika nyumbani karakana ilikuwa imejaa zile sauti nne. Mume wangu ameketi juu ya rundo la sponji, simu mkononi, anabishana na baba.

"Mimi ndiye niliyewasikia kwanza," nasikia baba anasema. "Saa nane mchana."

"Mzee, mimi saa saba nilikuwa nao tayari!"

"Jamani," nikasema nikiwa mlangoni, "si mimi niliyewatumia?"

Baba akaacha ubishi. Kisha, "Mama, ni wewe? Ulipata wapi watu hawa?"

Nikaanza kusimulia habari za muuguzi, lakini sikufika mbali. "Ngoja, ngoja," baba akanikatiza, "hapa anaingia yule wa sauti ya chini. Sikilizeni."

Nikaweka mkoba sakafuni, nikasogeza majora ya kitambaa, nikakaa.